Mbinu za Kumficha Gesare

Jumatatu, Julai 28

Gesare ametimiza miezi tisa. Mweupe, mnene, mashavu ya diwani. Hakuna mtoto mzuri kama huyu Ekerenyo nzima, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Nasema kwa kuwa ni kweli.

Okemwa amefika kabla sijamaliza chai. Okemwa ni jirani, na tangu achaguliwe kuwa mhudumu wa afya wa kijiji hautui ule mkoba wa serikali. Nadhani analala nao. Nafasi ile niliitaka mimi. Barazani nilipata kura yangu na ya mama, na ya mama sina hakika nayo. Basi bwana mkoba akasema Gesare apelekwe zahanati Alhamisi akachanjwe surua. Alisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, ili majirani wasikie anavyofanya kazi.

Bonareri, mke wangu, akasema atampeleka. Nikasema hapana, nitampeleka mimi. Akafurahi! Akasema wanaume wengine waige. Sikumwambia sababu.

Sababu ni macho. Alhamisi zahanati hujaa akina mama kutoka kila upande, na kila mmoja atamtazama Gesare. Kuna watu wenye ebibiriria. Wakimtazama mtoto mzuri, vijichembe vya vumbi na nyuzi vinamganda kwenye ngozi, vinazama ndani, mtoto anaharibika. Si kwamba wanataka. Macho yao ndivyo yalivyo. Dada yangu aliondoka hivyo kabla sijazaliwa, na jina lake ndilo nililompa binti yangu. Mtoto huyu tulimngoja hadi watu wakaacha kutuuliza. Simtandazi mbele ya watu kama ndizi za sokoni!

Mpango: kumpeleka siku ambayo hakuna mtu.

Jumanne, Julai 29

Zahanati tupu! Mvua pia ilisaidia. Benchi zima letu.

Sista Damaris, muuguzi, akamsifia Gesare. Nikamgeuza mtoto akatazama ukuta. Sista akasema chanjo ya surua haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Chupa moja ni ya watoto kumi, na ikishafunguliwa haikai; kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana wamepanga Alhamisi. Nikamsihi afungue tu, hao tisa nitamtafutia baadaye. Akaniambia nirudi Alhamisi kama watu wengine.

Kama watu wengine! Nimerudi nimelowa.

Alhamisi, Julai 31

Mpango mpya, na mzuri kuliko wa kwanza. Kujificha karibu, kungoja akina mama wamalize, kisha kuingia wa mwisho. Chupa bado iko wazi, macho yameshaenda nyumbani.

Nilimfunika Gesare leso mbili na shali. Tukakaa kwenye migomba nyuma ya zahanati. Alicheka na majani. Alikula udongo kidogo. Kila kitu kilikwenda sawa hadi mama mmoja alipokuja migombani kujisaidia, akanikuta nimechuchumaa pale na furushi. Alipiga ukunga! Wakatoka wote. Nilikimbia na mtoto hadi kwenye michai ya watu, nikakaa huko mpaka kukawa kimya.

Niliporudi, Sista Damaris alikuwa anafunga mlango. Chupa muda wake umekwisha, imetupwa. Akasema nije Alhamisi ijayo bila kukosa, maana surua imeonekana ng'ambo ya mto.

Nyumbani Bonareri aliuliza kama alilia sana. Nikasema kidogo tu.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akauliza mkono gani. Nikaonyesha wa kulia. Akaushika taratibu, akaupuliza, akamwambia mtoto pole mama, pole. Jioni nzima aliulinda mkono ule usiguswe. Nilitaka kusema. Ugali ukawa umeiva, tukala.

Si uongo hasa. Alhamisi ijayo nitampeleka kimyakimya, na itakuwa kweli.

Alhamisi, Agosti 7

Bonareri hakwenda kuchuma chai! Mgongo unamuuma. Siku zote za mwaka mgongo ni mzima, leo ndiyo unauma.

Nikasema nampeleka Gesare akamsalimie mama yangu. Bonareri akasema vizuri, twende wote. Tukaenda wote. Mama alifurahi sana, akachinja kuku, tukakaa mpaka jua likashuka. Kuku mwenyewe sikumsikia ladha.

Tukirudi, Okemwa akatuuliza kutoka upande wake wa ua kama Gesare alidungwa. Bonareri alijibu kabla sijafungua mdomo. Akasema mume wake alimpeleka mwenyewe! Okemwa akaja kunipa mkono. Alinishika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefurahi kikweli. Sikupenda.

Jumapili, Agosti 10

Makambi yameanza. Waadventista wote wa pande hizi wiki nzima chini ya hema, mahubiri asubuhi, kwaya mchana. Bonareri yumo kwenye kwaya. Akamfunga Gesare mgongoni.

Nilisema mtoto abaki. Akauliza kwa nini. Nikasema watu ni wengi, na surua inasemwa. Akacheka, akasema si amechanjwa? Mtu angenitazama usoni wakati ule angejua, lakini alikuwa anatafuta kitabu cha nyimbo.

Basi nilikwenda kulinda. Nilisimama na mwavuli kati ya Gesare na macho ya watu mahubiri yote. Shemasi akaja kuniuliza kama ndani ya hema mvua inanyesha. Nikaufunga. Nyuma yetu kulikuwa na mtoto anayekohoa bila kupumzika, amelala begani kwa mama yake. Huyo sikumjali, kwa kuwa alikuwa amefumba macho.

Ijumaa, Agosti 22

Gesare ana homa. Kikohozi, makamasi, macho mekundu. Bonareri anasema ni meno. Nami nimesema ni meno.

Jumatatu, Agosti 25

Vipele! Vilianzia nyuma ya masikio, sasa uso na kifua chote. Vidogovidogo, kama vijichembe. Nilijua! Ni macho ya makambini. Ningeachiwa mwavuli wangu haya yasingetokea. Shemasi atajibu mbele za Mungu.

Bonareri aliuliza kama inaweza kuwa surua. Kisha akajijibu mwenyewe, akasema haiwezekani. Nikasema haiwezekani.

Nilikimbia kumwita mama aje na samli amkande, vijichembe vitoke. Ndiyo dawa yake. Mama alikuja na mkebe wake. Akamfunua Gesare, akamtazama mdomoni, akaweka kiganja kifuani, akasikiliza anavyohema. Kisha akafunika mkebe.

Akasema hii si ebibiriria. Hii ni surua. Nikamwambia aangalie vizuri, ni kama ilivyokuwa kwa dada. Mama akasema kwa dada pia ilikuwa surua. Siku watu wa chanjo walipokuja sokoni, yeye alikuwa anamaliza palizi, akasema atampeleka mara ya pili. Hakukuwa na mara ya pili. Nikauliza mbona basi maisha yangu yote niliambiwa ni macho. Akasema, "Ningesema nini, mwanangu? Macho yalikuwa ya mtu mwingine."

Akalia. Tulipomzika baba hakulia. Bonareri alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, mtoto mikononi, haelewi. Mama akafoka: mbebeni! Mnangoja nini?

Okemwa ndiye aliyeleta pikipiki. Bonareri na mtoto wakapanda. Mimi na Okemwa tukakimbia nyuma ya moshi kupanda mlima, mkoba wake ukimpiga mgongoni, akiniambia nisichoke, nisichoke. Nikawaza kwamba hii nayo ataiweka kwenye ripoti yake. Nimeandika tu nilichowaza.

Jumanne, Agosti 26

Hospitali. Wamemtenga chumba chake. Mpira wa hewa puani, sindano ya maji mkononi. Anahema mbavu zikionekana. Zile mbavu sikuwahi kuziona. Zilikuwa zimefunikwa na unono.

Daktari aliuliza kama mtoto alipata chanjo ya miezi tisa. Bonareri akasema ndiyo, baba yake alimpeleka. Daktari akanigeukia. Nikaanza kueleza habari za migomba na chupa. Bonareri akanikatiza, akauliza kitu kimoja tu, kama sindano iliingia au haikuingia. Nikasema chupa ilikuwa imetupwa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuchukua mkono wa kulia wa Gesare, ule aliokuwa akiupuliza, akaubusu, akaufunika na blanketi. Tangu hapo hajanitazama.

Naogopa. Sina mpango wowote. Naandika hivyo kwa mara ya kwanza.

Jumapili, Agosti 31

Homa imeshuka! Amekunywa uji, akalala bila mpira. Nilitoka nje nikalia kando ya ukuta hadi askari wa getini akaniuliza nimefiwa na nani.

Masikio yanatoka usaha. Wanayasafisha. Bonareri huzungumza nami kupitia mama, hata tukiwa tumekaa benchi moja. Nimemwahidi Mungu mambo mengi sana. Sikuyaandika, ili baadaye tusije tukabishana.

Jumapili, Oktoba 5

Gesare yuko nyumbani wiki kadhaa sasa. Amekonda lakini anatambaa, anasimama akishika kiti. Wiki iliyopita Sista Damaris alimchanja, Bonareri akiwa naye. Mimi sikualikwa.

Leo nilitoka shambani nikamkuta ameketi mlangoni, amenipa mgongo. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikapiga mbinja. Alikuwa anachezea ganda la ndizi. Ndani, mfuniko wa sufuria ukamponyoka Bonareri, ukapiga sakafu ile kelele yake. Mimi niliruka. Gesare hakutikisika.

Nikasema huyu mtoto ana utulivu, atakuwa jaji. Bonareri akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa leso. Mama, ambaye tangu hospitali anakaa kwetu, akasema nitoke nje kidogo.

Jumatano wanampeleka Kisii kwa daktari wa masikio.

Jumanne, Oktoba 7

Nimepata!

Okemwa, ambaye kazi yake ni kujua kila kitu, amenieleza daktari atakavyopima. Mtoto anapakatwa na mzazi. Daktari anakaa nyuma, anapiga kengele upande huu na upande ule. Mtoto akigeuka, masikio ni mazima, wanaandika hivyo, mnarudi nyumbani. Okemwa alinieleza kwa upole mno, nusura nimshukuru.

Mtoto anapakatwa na mzazi! Mzazi ana magoti.

Tumefanya mazoezi tangu asubuhi, Bonareri akiwa kwenye chai. Namweka Gesare mapajani. Napiga sufuria upande wa kulia, nainua goti la kulia kidogo tu, anageuka kulia, namlambisha ndizi. Kushoto vivyo hivyo. Mama alikataa kushika sufuria, akaenda kukaa jikoni. Basi naipiga mwenyewe. Mtoto ana akili huyu! Kufikia alasiri hakosei hata mara moja.

Bonareri amekubali niende nao, nibebe mkoba. Tukifika nitaomba nimpakate. Nitasema mgongo wake unamuuma.

Jioni nilimweka mapajani mara ya mwisho. Nikalituliza goti, nikainama kwenye nywele zake, nikamwita, Gesare. Gesare wangu. Aliendelea kunyonya kidole. Nikaliinua goti, akageuka haraka, akanitafuta usoni, akacheka.

Tuko tayari. Kesho daktari hatajua kitu.