Draiva Imekataa, Mgeni Anangoja

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, hapa hapa Koboko, mbele ya mgeni mwenye adabu kuliko mimi na wewe.

Mgeni ni Mzee Kasim, anayeendesha lori la mizigo kwenda Juba. Binti yake aliolewa mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyepiga video. Yeye harusi ilimpita. Lori lilikwama matopeni ng'ambo ya mpaka. Leo lori liko kwenye foleni ya mpakani Oraba, akapanda boda kuja studio kwangu amwone mwanawe japo kwenye skrini, kisha arudi. Baada ya hapo, hadi miezi ipite.

Sasa, asubuhi mimi nikasasisha mfumo mzima wa kompyuta (nani alinituma?). Ikawaka na maandishi makubwa kama ya kibao cha duka, na programu ya kuhariri video ikakataa kufunguka bila kadi ya grafiki. Sawa. Nikaweka draiva mpya, ile programu ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta. "Hakuna kifaa kinachofaa." Nikaweka ya zamani. "Hakuna kifaa kinachofaa." Nikafuta, nikazima, nikawasha, nikaomba dua. Wapi!

Mzee katulia mezani, mbele yake kawa ya mama yangu ya kufunikia chakula. Mimi namhubiria: "Mzee, huu mfumo mpya unachukia kadi za zamani." Naye anaitikia, "Aiwa, aiwa." Simu yake ikalia. Ni utingo wake: yamebaki malori matatu mbele yao. Jasho likanidondoka kwenye kibodi.

Hapo akaingia Mama Furaha, Mkongo anayeshona nguo chumba cha pili.

"Wee Rama, mashine yako iko mugonjwa? Kila siku nasikia kwa ukuta inalia vuuu. Leo iko kimya."

"Mama, hili ni jambo la draiva." (Kwa sauti ya profesa. Mungu anisamehe.)

"Mimi sijui draiva. Cherehani ikinyamaza, nafungua. Fungua!"

Nikafungua ili tu anyamaze. Ndani, mahali pa kadi, patupu. Kadi hakuna, na feni zake ndizo zilizokuwa zikilia vuuu! Saa tatu nzima naweka draiva ya kitu ambacho hakimo! Jana nilikuwa nimeitoa niifute vumbi, halafu nikaiweka... wapi?

Kwa aibu nikamgeukia mgeni. "Mzee, samahani sana. Jisikie nyumbani."

Kumbe neno hilo ndilo alilokuwa akilingoja muda wote. Akanawa mikono kwa maji ya chupa, akasema "Bismillahi," akafunua kawa ya mama yangu iliyokuwa mezani mbele yake.

Kwenye sahani, juu ya kitambaa safi: kadi yangu. Niliifunika mwenyewe jana, isiingie vumbi.

Mzee akaitazama kwa heshima. "Kijana yangu," akasema taratibu, "hii chakula iko na feni mbili."

Mama Furaha alicheka hadi akakaa chini. Lakini ni yeye huyo huyo aliyenishikia tochi nikiirudisha kadi. Mimi nina cheti ukutani; yeye ana masikio, na masikio yameshinda. Namvulia kofia. Draiva ikakubali mara moja, bila hata kunung'unika.

Video ikafunguka. Binti akatokea na hina yake, anacheka na mashangazi. Mzee akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Amefanana na mama yake kabisa," akanong'ona, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Kile kipande cha kuagana alikirudia mara mbili. Mwanamume huyu nimempenda. Nimemweka njaa tangu asubuhi na hajaninunia hata kidogo.

Nikamuuliza kama kazi imemridhisha.

"Iko muzuri sana. Allah akubariki." Akapangusa macho, akaangalia simu. "Sasa chakula yenyewe iko wapi?"

Sikuwa nimepika. Anayetaka kucheka, aje kwanza na sahani ya wali. Limebaki lori moja.