Ngurumo na Pasi ya Serwaa

Jumanne, 6 Februari
Matanga ya baba mkwe ni Jumamosi. Kila mkwe atatoa zawadi mbele ya ukoo, na jina lake litatangazwa Kumasi nzima isikie. Boaten, mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu Serwaa, analeta jeneza. Lina madirisha ya kioo! Mimi naleta muziki. Amplifaya yangu, Ngurumo, niliyoiunda kwa mikono hii miwili nilipokuwa Bronx. Hakuna mkwe aliyewahi kutoa kitu kama hiki!

Kasoro ndogo tu. Nimeiunda kwa umeme wa Marekani. Wa hapa una nguvu mara mbili. Serwaa kasema Boaten ana transfoma ya kupunguza umeme, niende nikaazime. Kwa Boaten? Thubutu!

Jumatano, 7 Februari
Boaten kaja nayo mwenyewe. Eti chukua tu mwanyumba, baba ni wetu sote. Anajifanya mwema! Nikamwambia sisi mafundi hatuazimi. Kasema haya fundi, usije ukatuchomea marehemu. Serwaa kacheka. Mke wangu! Nimemnunia hadi usiku. Fufu yake nimekula, lakini kimya kimya.

Alhamisi, 8 Februari
Nimepata! Vifaa viwili vya Marekani ukiviunga kwenye njia moja, kimoja nyuma ya kingine, vinagawana umeme kama ndugu. Cha pili ni pasi ndogo ya safari niliyomletea Serwaa. Inakula umeme sawa na Ngurumo, nimepima. Nikawasha. Ikanguruma! Mbuzi wa jirani kakata kamba. Sijawahi kujipenda kama leo.

Ijumaa, 9 Februari
Kikwazo. Pasi ikishapata moto inajizima, na Ngurumo nayo kimya. Dawa yake: ipige nguo mbichi mfululizo, isipate nafasi ya kuchemka. Nikamwomba Serwaa. Kasema nina wazimu. Nikambembeleza, nikapiga magoti. Kakubali, kwa heshima ya baba yake, si yangu.

Jumamosi, 10 Februari
Ushindi! Serwaa nyuma ya turubai na pasi, mimi mbele na vitufe. Magitaa yalilia hadi barabarani. Mama mkwe kacheza huku analia, kanishika bega, kasema mzee angefurahi. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nyuma huko wageni walikuwa wanampangia Serwaa foleni awapigie pasi nguo zao za matanga, nyekundu na nyeusi.

Zikafika zawadi. Boaten, jeneza! Ngurumo yangu mwenyewe ikalipeleka jina lake mpaka sokoni. Nikasimama, nikajiweka sawa. Mshereheshaji akasema, na mkwe aliyetuletea sauti hii tamu si mwingine bali ni...

Tk. Kimya!

Nguo zimekwisha. Ukoo mzima umenyooka. Nikakimbilia nyuma ya turubai, nikavua nguo yangu ya matanga, nikaichovya ndooni, nikaipiga pasi nikiwa na bukta. Upepo ukafunua turubai. Watu wote wakaniona. Sauti ikarudi: "...na wali uko upande wa kulia."

Jumapili, 11 Februari
Kanisani wamempongeza Serwaa kwa nguo kunyooka. Mimi wananiita mume wa mpiga pasi. Imeniuma, sitaki uongo. Mama mkwe kaniita pembeni, kasema mwanangu, jina lako nalijua hata bila kipaza sauti, ila tafadhali chukua ile transfoma. Tumerudi nyumbani tumeikuta mlangoni, Boaten kaiacha.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona, nakiri: pasi haifai, inajizima. Nimemwandikia rafiki yangu wa Bronx anitumie jiko la umeme. Matanga ya kutimiza mwaka, Serwaa atapika, mimi nitapiga muziki, na jina langu litafika hadi Accra!

Transfoma nimeipokea, mimi si mtu wa kinyongo. Nimeegemeza nayo mlango usibamizwe na upepo. Nzito, inafaa sana.