Ombi la Kuazimwa Watu Mia Nne Wasio na Makazi

Peralta Wells, California
Novemba, Jumapili baada ya misa

Kwa Mkurugenzi wa Fedha za Wasio na Makazi,
Ofisi ya Jimbo.

Mheshimiwa,

Naanza kwa kukuamkia, ingawa sijui umri wako. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kumi na moja. Kusema mbele ya watu kunanishinda, ndiyo maana naandika.

Kituo chetu cha kulala wasio na makazi, chenye vitanda kumi na viwili ndani ya jengo la zamani la zimamoto, kitafungwa kabla ya Krismasi kwa kukosa fedha za jimbo. Kitanda cha karibu na mlango ni cha Bi. Ofelia Barragán, aliyefungasha matunda ya pichi kiwandani mpaka kiwanda kikafa na kodi ya nyumba ikapanda. Mchana hukaa maktabani akinisahihishia Kihispania changu. Kifua chake hakipatani na ukungu wa Desemba, na kituo kikifungwa atarudi kulala ndani ya gari lake.

Nimesoma mwongozo wenu wote pamoja na viambatisho, jambo ambalo mkutubi anasema hajaona mtu akilifanya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fedha zenu huenda moja kwa moja kwa miji mikubwa. Sisi wadogo tunaambiwa tuiombe kaunti, na kaunti inatuambia tuliombe jimbo. Mwanzoni nilidhani mtu wa mji mdogo hukosa nyumba ndogo, ndiyo maana hamna haraka naye. Nimechunguza. Hukosa nyumba nzima.

2. Mgao hufuata hesabu ya Januari, pale watu wa kujitolea wanapoamka alfajiri na tochi kuwahesabu waliolala nje. Mji wetu huichukulia hesabu hiyo kama ugeni, na mgeni hakaribishwi kwenye uchafu. Kwa hiyo wiki moja kabla, halmashauri husafisha kando ya mto, hukunja mahema ya watu, na wenye mahema hupewa tiketi za basi. Kisha ndipo tunahesabu. Mwaka huu walipatikana tisa, meya akapigiwa makofi, nanyi mkaona hatuna shida.

3. Hao tisa walipaswa kuwa kumi. Siku hiyo kituo kilikuwa kimejaa, na kinyozi wetu, Bwana Vartan Keshishian, aliyejitolea kuhesabu, ndiye aliyemkuta Bi. Ofelia garini.
"Samahani mama, jana ulilala wapi?"
"Kwangu."
"Mama, hili ni gari."
"Na nyumba yako ina usukani? Basi acha wivu. Uje siku nyingine, sijachana nywele."
Bwana Vartan aliandika: "Ana makazi. Mkali."

4. Kwa kuwa bila watu hakuna fedha, naomba kwa heshima jimbo lituazime watu mia nne wasio na makazi kutoka mji wowote wenye ziada, kwa usiku mmoja tu wa Januari. Tutawalaza kando ya mto, ambako kutakuwa kumeshasafishwa. Tutawapa tamale, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, na kahawa, na asubuhi tutawarudisha wakiwa kamili. Mji mkubwa hautapoteza kitu, maana wakifika huko wanaweza kuhesabiwa tena.

5. Ikiwa watu mia nne hawaazimiki, naomba ng'ombe wa maziwa wa hapa waandikwe kuwa wakazi, ili nasi tuwe mji mkubwa. Ni wengi kuliko sisi, na hakuna hata mmoja asiye na banda. Ripoti yenu itapendeza.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa anayefungua bahasha, na wa nyumbani kwako pia.

Wako mtiifu,
Delfina Oseguera

N.B. Kabla sijaituma barua hii, nakala moja niliisahau kwenye mashine ya kuchapia ya maktaba. Bwana Vartan aliiokota, akawasomea wateja wake, na kufikia saa sita mchana mji mzima ulikuwa unasema watu mia nne wako njiani. Jioni ukumbi wa kanisa ulijaa.

"Kituo kikifungwa nao wakakuta vitanda vitupu, si watakaa moja kwa moja?" akauliza Bwana Vartan. "Dawa ni moja tu. Tuvijaze na watu wetu wenyewe, halafu tuongeze vingine tuvijaze pia."

Watu ambao siku zote husema mji hauna kitu wakachangishana palepale, na kituo hakitafungwa. Bi. Ofelia amekubali kubaki na kitanda chake. "Lakini ni kwa kuwasaidia tu," amesema.

Bwana Vartan ameniambia, "Binti, vitanda vitakuwapo maadamu tunasubiri jibu la jimbo. Wakishajibu kwamba hawaleti mtu, kila mmoja ataomba arudishiwe chake."

Kwa hiyo naituma barua kama ilivyo, na nakuomba sana, Mheshimiwa, usiijibu. Watu wa kaunti wamenihakikishia kwamba katika hilo ofisi yako haijawahi kumwangusha mtu.