Mkokoteni Usiotaka Kwenda Mbele

Jumapili, 17 Agosti 2025. Asubuhi manyunyu, baridi ya kuuma vidole. Nguo za Ijumaa bado zinadondosha maji kwenye kamba.

Janga. Mama amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Amesema Bwana amemtendea: binti yake Maurine sasa ni mwalimu wa kompyuta pale ukumbi wa vijana. Makofi. Vigelegele! Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ukweli ni kwamba kazi hiyo sijaipata. Tunaigombea wawili, mimi na Mbaluka. Jumamosi kila mmoja ataonyesha mchezo wa kompyuta aliotengeneza mwenyewe, kisha Madam Muhonja, msimamizi wa ukumbi, atachagua mmoja wa kufundisha wasichana. Nilimwambia Mama nimeshaipata kwa sababu aliniuliza nikiwa nimechoka.

Lakini mchezo wangu ni mzuri. Mkokoteni wa maji wenye mota, kutoka mtaa wa Pipeline hadi hapa Tassia, mitungi ishirini mgongoni. Limebaki jambo moja dogo. Hauendi.

Jumatatu, 18 Agosti. Mawingu.

Kila gurudumu lina mota yake. Naandika amri kwenye skripti, mota inatii. Niliandika: la kushoto, kasi kumi, la kulia, kasi kumi. Haki sawa kwa wote. Nikabonyeza. Mkokoteni ukazunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Nikaongeza nguvu ya mota mara mia. Ukazunguka vibaya zaidi na kurusha mitungi yote angani. Mmoja ulipita juu ya jua. Haujarudi.

Mwongozo wa programu unasema kila mota hutazamwa kutoka upande wa nje wa gurudumu lake. Nimeusoma mara mbili. Hauhusiani na shida yangu.

Jumanne, 19 Agosti. Jua lilitoka saa tatu, likajuta, likarudi.

Utafiti! Nimeshuka na daftari kumchunguza Ondiek, anayetuletea maji kwa mkokoteni wa kweli. Nikamwomba ausukume polepole. Nikasimama upande wa kulia: gurudumu linazunguka kama mishale ya saa. Nikahamia upande wa kushoto: linazunguka kinyume! Nikapima mara nne. Jibu lilelile.

Nikamjulisha kwa upole kwamba mkokoteni wake una kasoro ya hatari. Magurudumu hayaelewani. Akanitazama sana. Akasema, "Madam, hii kitu nimesukuma miaka tisa na inaendanga mbele tu." Nikamwambia hiyo ni bahati. Akasema yeye hakusoma sana, lakini kama mwalimu amesema, ataupeleka kwa fundi.

Ushuhuda wa Mama umefika hadi kwa wauza maji.

Jumatano, 20 Agosti. Baridi. Sikuoga.

Hakuna aliyeoga. Mkokoteni uko kwa fundi, umefunguliwa vipande. Jengo zima limekauka. Mama Kawsar wa ghorofa ya pili amepanda hadi kwetu na ndoo tupu, akauliza ni nani huyo aliyemjaza Ondiek upuzi wa magurudumu. Nikasema hata mimi ningependa sana kumjua.

Alhamisi, 21 Agosti. Manyunyu tena.

Ondiek amerudi. Fundi alihamisha la kushoto kulia, la kulia kushoto. Nikapima. Kasoro iko palepale! Fundi bure kabisa.

Mbinu mpya: Mbaluka. Baba yake ni mchonga vinyago, na yeye amelelewa kugeuza kipande cha mti mkononi na kukitazama pande zote kabla ya kukigusa kwa patasi. Hata skripti anaandika hivyo, polepole hadi unasinzia. Nikajitolea kumsahihishia tahajia ya maelezo yake. Akanipa faili lote, mjinga! Akasema, "Angalia tu, Maurine. Na uangalie hayo magurudumu yako kutoka nje." Nikacheka ndani kwa ndani. Nimenakili kila kitu.

Ijumaa, 22 Agosti. Mawingu mazito.

Nimeufikia mstari wa magurudumu wa Mbaluka. La kulia, kasi kumi. La kushoto, kuna alama ya kutoa, kisha kumi. Uzembe ulioje! Kidole kiliteleza. Kwenye nakala yangu nimeifuta. Mimi ni mtu wa usafi. Yeye sikumwambia. Vita ni vita.

Stima ikapotea kabla sijajaribu. Si neno. Mama amealika kikundi chake chote cha maombi kuja kesho kunitazama.

Jumamosi, 23 Agosti. Jua kali. La nini?

Kwenye skrini, tuktuk ya Mbaluka ilipita barabara nzima, ikakata kona, ikaegeshwa. Makofi ya adabu.

Kisha mimi. Akina mama kumi na mmoja mstari wa mbele, vitambaa vyeupe kichwani. Nikabonyeza. Mkokoteni ukazunguka. Ukazunguka. Nikatangaza kwamba unasalimia wageni. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hayo maji yatafika saa ngapi?"

Mbaluka akainuka bila kuitwa. Akachukua sahani mbili za keki, akazishika kama magurudumu, moja kila mkono. Akaeleza kwamba la kulia unalitazama ukiwa kulia, la kushoto ukiwa kushoto, kwa hiyo mkokoteni ukienda mbele moja utaliona kama saa na jingine kinyume. Ndiyo sababu la kushoto huwekewa alama ya kutoa. Kikundi chote cha maombi kikasema aaa! Hata Mama.

Kazi amepewa Mbaluka. Madam Muhonja amesema naruhusiwa kuja darasani, benchi la mbele, kama mwanafunzi.

Tukarudi nyumbani na Mama. Kwenye lango akasema tu kwamba kesho itabidi asimame tena.

Jumapili, 24 Agosti. Mawingu, upepo.

Alisimama. Sauti ilikuwa ndogo. Kazi hakuitaja. Aliomba kanisa limwombee binti yake apate macho ya kuona. Hakuna aliyepiga makofi.

Sikuweza kuuvumilia uso ule. Wakati wa chakula nikamwambia Mama kwamba Madam Muhonja amenipigia simu: mimi ni naibu wa Mbaluka. Mama akaweka kijiko chini, akacheka, akatoka kwenda kuwaambia wenzake.

Mchezo nimeuchunguza upya. Kosa nimelipata: nguvu ya mota. Mara mia ilikuwa kidogo. Nimeweka mara elfu.

Jioni nilishuka kuupima mkokoteni wa Ondiek. Kulia, kama saa. Kushoto, kinyume. Maskini. Nimemwambia atafute fundi mwingine, wa mjini. Amesema sawa, mwalimu, ataupeleka kesho alfajiri.

Nalala, ni saa tano na robo. Ndoo sikujaza.