Mkwe Wangu Kabaki na Ngome

Jumatatu, 24 Februari
Ramadhani inabisha hodi. Mke wangu Rahila hataki baba yake, Mzee Massoud, afuturu peke yake Raskazone, mama hayupo tena. Mzee hataki kuhamia kwetu Mabawa. Nimemwekea dau la sataranji: nikishinda, anahama. Nikishindwa, hatumsemeshi tena habari hiyo. Rahila kauliza lini nimewahi kumshinda. Mke mwenye imani angeuliza jingine.

Jumanne, 25 Februari
Kete zimepukutika. Nina mfalme, ngome na askari. Yeye mfalme na ngome. Adhana ya magharibi ikatukatiza. Nyumbani nimepata hazina kwenye simu: zikibaki kete saba au pungufu, kompyuta imeshamaliza kazi. Ilianza na mfalme aliyekwisha kamatwa, ikarudi kinyumenyume, mpaka ikajua mwisho wa kila mpangilio. Haikisii. Inajua. Mzee kwisha habari yake!

Jumatano, 26 Februari
Nimejificha chooni na simu. Inasema sare, mzee asipokosea, sishindi hata tucheze mpaka Idi. Nikarudi chooni kuhakikisha. Sare. Mara ya tatu mzee akauliza tumbo lina nini. Nikasema linasokota. Akaacha mchezo, akanichemshia mchaichai, akanisimamia mpaka tone la mwisho, kwa kikombe cha marehemu mama. Nimeona haya, kidogo.

Alhamisi, 27 Februari
Sare. Mzee hakosei hata kwa bahati mbaya. Rahila keshatandika kitanda cha chumba cha uani, kakaa juu yake, analia. Nikakaa naye. Nampenda yule mzee. Tatizo ngome yake.

Ijumaa, 28 Februari
Baada ya sala nimemkazia macho. Akaitazama ngome muda mrefu, akauliza kama chumba cha uani adhana inasikika. Nikasema vizuri sana. Akaisogeza ngome mbele ya yangu, zikaliwana. Chooni mbio! Simu inasema kati ya hatua zote alizokuwa nazo, hiyo tu ndiyo ya kushindwa. Askari wangu akatembea mpaka mwisho kama anaenda dukani, akageuka malkia, nikashinda. Mzee akatoa begi nyuma ya mlango. Lilikuwa limeshafungwa, kikombe kimeviringishwa kwa kanga ya mama.

Jumamosi, 1 Machi
Rahila anacheka na kulia, anasema baba hakukosea. Hajui sataranji huyu. Ni macho yangu yale. Nimemwahidi mzee kumfundisha kumalizia mchezo, maana uzee umemwingia. Kasema inshallah, akauliza tumbo langu linaendeleaje.