Habari za Kengele Iliyovikwa Nguo

Sogeeni basi, nyinyi mnaopenda habari kubwa, na wewe unayesoma huku unakula, weka kijiko chini. Hapa hatusimulii mambo ya wafalme waliogombania mito na milima; hao wana waandishi wao, na wameshasifiwa vya kutosha. Sisi tunaisimulia habari ya Fundi, mwanamke mshona nguo mwenye mkono usiotetemeka, mshindi wa mapindo, mnyooshaji wa kola zilizokwisha kukata tamaa, na ya siku aliyoingia katika mgahawa wa bustani ya michezo, saa saba mchana, kutafuta kiti. Kiti kimoja, chenye ukuta nyuma yake. Anayedhani jambo hilo ni dogo hajawahi kumlisha Kidole.

Kidole alikuwa binti yake, mwenye miaka minne na miezi miwili. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa kila kilichomo duniani alikigusa kwanza kwa ncha ya kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu kujua kama pasi imeshika moto. Kitu kikimridhisha, alikipokea. Kisipomridhisha, hakuna binadamu wala malaika wa kumbembeleza. Na katika yote, sauti ndizo zilizomtesa: mashine ya kukaushia mikono, kiti kinachoburutwa sakafuni, watu wanaoimba pamoja kabla ya kukubaliana wimbo. Kwa hiyo alivaa vifuniko vya masikio vya bluu, alivyokatiwa na kupunguziwa na baba yake, seremala, ambaye huvaa vya namna hiyo mbele ya msumeno wa umeme. Mkononi alishika kipande cha flana ya manjano, mabaki ya shuka lake la uchanga, akikisugua toka asubuhi mpaka anapolala.

Mara tatu Fundi alikuwa amempeleka mtoto huyu mahali wanapokula watu, na mara tatu walirudi nyumbani na chakula kimepoa ndani ya mfuko, mtoto amelia mpaka kutapika. Baada ya mara ya tatu, mamkwe wake alitoa hukumu akiwa kwenye kochi, na wala hakupunguza sauti ya televisheni ili hukumu isikike vizuri.

"Mwanangu, mtoto wa namna hii analishwa nyumbani, mlango umefungwa," alisema. "Mnamtesa bure, na nyinyi wenyewe mnajitia aibu."

Mamkwe hajibiwi. Lakini neno lile lilimkaa Fundi kooni miezi saba, halipandi halishuki. Asubuhi ya siku hii, walipokuwa wakivaa viatu, alimwambia mumewe kwamba anajaribu mara moja tu tena. Anataka binti yake ale mezani, mbele za watu, ameketi, mpaka amalize. Ikishindikana, basi, mlango ufungwe kama bibi alivyosema.

Sasa hiyo bustani. Loo, hiyo bustani! Wenye nayo walikuwa wamechapisha kipeperushi cha karatasi inayong'aa, chenye picha ya mtoto anayecheka meno yote nje, na chini yake maneno manene: TUNAYO MEZA YA UTULIVU KWA WATOTO WANAOUMIZWA NA KELELE. Fundi alikikunja mara nne akakitia kwenye pochi kwa heshima ya hati ya kiwanja. Langoni, walinzi wenye vifua vipana walimpekua, wakamnyang'anya chupa ya maji, silaha ya maangamizi, kisha wakamruhusu apite na mkasi, sindano tatu na subana yake ya kuvaa kidoleni. Kwa weledi huo wa walinzi, historia ilipata nafasi ya kutendeka.

Foleni ya mgahawa ilikuwa ndefu na yenye jasho. Walikuwa wa tano kutoka mbele walipojionea jinsi Meza ya Utulivu inavyofanya kazi. Familia moja ilipelekwa pale pembeni, mama, baba na mtoto wa miaka sita hivi aliyevaa vifuniko vya masikio kama vya Kidole. Meza yenyewe ilikuwa nzuri, haki yake tumpe mwenye haki: kuta mbili, taa hafifu, mbali na jikoni. Mtoto akaketi. Ndipo mhudumu mmoja akasogelea nguzo iliyokuwa kando ya meza, ambapo ilining'inia kengele ya shaba kubwa kiasi cha sufuria ya uji, akashika kamba kwa mikono miwili, akaipiga mara tatu.

Watu waliokuwa nje kwenye bembea waligeuka. Yule mtoto aliruka kitini, akapita chini ya meza mbili, akatoka mlangoni, na wazazi wake wakamfuata mbio, mmoja ameshika kiatu kimoja. Mhudumu akachukua kitambaa, akafuta meza.

"Wateja wa meza hii huwa hawakai," akamwambia mwenzake. "Sijui wanawahi wapi."

Kidole alikuwa amekichomeka kichwa kwapani mwa baba yake, na hakukitoa kwa dakika kumi. Seremala, mtu mpole kupita kiasi, akamwinamia mkewe.

"Turudi?" akauliza. "Zile chipsi za juzi bado zipo kwenye friji."

"Leo hatuli chipsi za juzi," akasema Fundi, na mumewe, aliyekuwa ameishi naye miaka tisa, alijua kwamba vita imetangazwa.

Mbele ya foleni alisimama msimamizi wa ukumbi, mkuu wa meza arobaini, kijana aliyepiga pasi mpaka soksi, kipaza sauti kimemganda shavuni, na kifuani amekumbatia kishikwambi ambacho alikitazama kila alipoulizwa jambo, hata alipoulizwa choo kiko wapi. Tumwite Bwana Kishikwambi, maana ndicho kilichokuwa kikifikiri kwa niaba yake. Akawapokea kwa tabasamu, akawapeleka kwenye kona. Kidole akakigusa kiti. Akaugusa ukuta. Akaigusa meza, mara mbili. Kisha, mbele ya macho ya mama yake aliyekuwa amesahau kupumua, akaketi.

Bwana Kishikwambi akanyoosha mkono kuishika kamba. Mkono wa Fundi ukafika kwanza.

"Kaka yangu, naomba usiipige," akasema.

Bwana Kishikwambi akajiweka sawa, akakohoa, akanena kama anayehutubia mkutano. "Mama, naomba unielewe. Kengele hii haikuwekwa kwa starehe. Inapigwa ili wahudumu wote na wateja wote wajue kwamba kwenye meza hii kuna mtoto anayehitaji ukimya. Tusipoipiga, watu watajuaje kunyamaza?"

"Na mkishaipiga, wananyamaza?"

"Wananyamaza kabisa. Wengine hata wanasimama."

"Na mtoto?"

Akakitazama kishikwambi. Akakipekua juu na chini. "Mtoto kwa kawaida anakuwa ameshaondoka," akakiri. "Hilo bado tunalifanyia utafiti."

Ndipo Fundi naye akasimama kikamilifu, pochi begani, mkono bado umeikamata kamba, akatoa hotuba ambayo ingefaa kuchongwa kwenye jiwe la lango la bustani ile, kama lango lingekuwa na haya.

"Kaka, mimi nashona mwaka wa kumi na tisa huu. Mteja akija akaniambia nguo inambana, sikimbilii kumwongezea vifungo. Nyinyi mmeletewa mtoto anayeumizwa na kelele, mkampigia kelele ili watu wote wajue kwamba kelele zinamuumiza. Nani alikaa akaliwaza jambo hili?"

"Kamati," akasema Bwana Kishikwambi.

"Ya watu wangapi?"

"Tisa, mama. Walikaa siku mbili hotelini."

"Tisa," akasema Fundi. "Na wote wana masikio?"

Bwana Kishikwambi hakukasirika. Tumpe sifa hiyo, ni moja, tusiinyime. Akamgeuzia kishikwambi ili asome mwenyewe. Pale kwenye kioo paliandikwa: *Kengele imepigwa mara tatu? Ndiyo. Hapana.* Akaeleza kwa masikitiko kwamba ukibonyeza Hapana, meza inajifunga, jikoni hawapokei oda, na familia inarudishwa mwisho wa foleni. Yeye kudanganya hawezi, kwa kuwa mwezi uliopita mwenzake alibonyeza Ndiyo bila kupiga, akahamishiwa kwenye kuuza baluni juani. Nyuma yao foleni ilianza kuguna. Kidole, alipoona mkono wa mama yake uko kwenye kile kitu cha shaba, aliinua miguu juu ya kiti akaanza kujikunja. Fundi aliujua mkunjo ule. Baada yake kulikuwa na dakika mbili, si zaidi, kabla ya kilio.

"Kwa hiyo ni lazima ipigwe," akasema Fundi.

"Lazima."

"Imeandikwa kwamba lazima isikike?"

Bwana Kishikwambi akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza. Akarudi mwanzo, akasoma tena. "Imeandikwa ipigwe mara tatu, kwa nguvu," akasema hatimaye. "Kusikika hakukutajwa."

"Haya. Nishikie hiyo kengele isitikisike."

Na hapo, wasikilizaji wangu, Fundi akajivika silaha. Akatoa subana, akaivaa. Akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kulamba, huku watu thelathini wenye njaa wakimkodolea macho. Akaingiza utepe wa kupimia ndani ya kengele, akaupima ulimi wake, kile kipande kinachogonga, unene na urefu kama anavyompima bwana harusi kiuno, akainua macho. Alihitaji kitambaa kizito, laini, na katika pochi hakuwa nacho. Vitambaa vya mezani vilikuwa vya karatasi. Kulikuwa na kitambaa kimoja tu kilichofaa katika ukumbi mzima, na kilikuwa mkononi mwa Kidole.

Hapa Fundi aliogopa, na sisi hatutamficha. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa binti yake.

"Mama," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita, "ile kengele iko uchi. Ndiyo maana inapiga kelele. Inataka nguo. Nikate kidogo tu, hapa kwenye pembe?"

Kidole aliitazama flana. Aliitazama kengele, kwa mbali, kwa jicho moja. Seremala alikwisha kushika mkoba, tayari kwa kukimbia. Kisha mtoto akaiweka flana juu ya meza, akaisukuma kuelekea kwa mama yake kwa ncha ya kidole, kiasi cha upana wa sahani.

Mkasi ukapita mara moja. Fundi akamrudishia yake, akauvika ulimi wa kengele kile kipande cha manjano, akashona. Alishona kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, ile anayoitumia kwenye makwapa ya nguo za wacheza ngoma, na akaifunga kwa mafundo saba. Muda wote huo Bwana Kishikwambi, mkuu wa meza arobaini, alikuwa amepiga magoti akiikumbatia kengele, kishikwambi amekiweka sakafuni, na wenzake wakimwita kwenye kifaa cha sikioni bila kujibiwa.

"Piga sasa," akasema Fundi, akiukata uzi kwa meno. "Mara tatu. Kwa nguvu zako zote, usije ukahamishiwa kwenye baluni."

Akapiga. *Dup.* Akapiga tena, akavuta kamba mpaka vidole vya miguu vikanyanyuka. *Dup. Dup.* Sauti ya mto unaoanguka kutoka kitandani. Kwenye foleni mtu mmoja alipiga makofi, na Fundi akamgeukia kwa jicho ambalo makofi yale yalikufa nalo hapo hapo. Bwana Kishikwambi akakiokota kishikwambi chake, akabonyeza Ndiyo, na jikoni, kwa rehema ya kamati ya watu tisa, wakapokea oda.

Chipsi zililetwa, tupu, bila mchuzi wala kachumbari. Kidole akaigusa ya kwanza. Akaila. Akaigusa ya pili, akaila. Seremala alikuwa akihesabu kimoyomoyo, na alipofika sita macho yakamjaa machozi, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Fundi hakutafuta kitu. Alikaa wima akimtazama binti yake anavyotafuna, na chakula chake mwenyewe kikapoa, na kwa mara ya kwanza kupoa huko hakukumuuma.

Ya saba ilipokwisha, Kidole akashuka kitini. Akaenda kwenye nguzo, akainama, akanyoosha mkono ndani ya kengele mpaka kidole kikakuta alichokuwa anakitafuta.

"Yangu," akasema. Akausukuma ulimi. *Dup.* Akarudi kitini, akaendelea kula.

Bwana Kishikwambi akasogea kwa adabu. "Mama, mkiondoka, hicho kitambaa utakitoa?"

"Si changu," akasema Fundi. "Mwenyewe huyo hapo. Muombe."

Akamtazama Kidole. Kidole akamtazama. Bwana Kishikwambi akakumbuka kwamba anahitajika kwingine.

Seremala akapiga picha, akamtumia mama yake bila kuandika neno: mtoto, meza, sahani, na nyuma watu wa kila aina wanakula. Jibu lilichukua muda. Mamkwe aliandika: *Chipsi tupu? Mbona hamkumwekea hata kipande cha kuku?* Fundi akasoma, akacheka kwa kejeli aliyokuwa ameihifadhi miezi saba. Bado anacheka, simu ikatikisika tena: *Jumapili mleteni nimpikie mimi. Televisheni nitaizima.* Hiyo aliisoma, akaisoma tena, kisha akaomba maji.

Basi iandikwe, na kamati zote za dunia zisomewe polepole, zikishatolewa hotelini: kwamba katika siku hiyo, kati ya saa saba na saa nane mchana, Kidole binti Fundi alikula chipsi kumi na moja mbele za watu, ameketi, na ukuta nyuma yake. Ya kumi na mbili aliigusa, akaiacha. Ilikuwa imevunjika.