Inspekta wa Kina Kirefu

Jumamosi, 6 Desemba

Mama Debra, mwenye gesti yetu hapa Kisian, ametangaza: bwawa la kuogelea lililofungwa tangu Aprili litafunguliwa siku ya Jamhuri. Ameshona fulana nyeupe yenye maandishi mgongoni: MENEJA WA BWAWA. Ataivaa atakayesafisha maji mpaka kifuniko cha soda kionekane chini kabisa, kwenye kina kirefu. Nimepewa nafasi mimi kwanza, ingawa ni dobi. Nikishindwa, anachukua Khaemba. Mpishi! Tatizo ni kwamba nilishamwambia Maximilla, msichana ninayemposa, kwa simu kuwa fulana hiyo ni yangu tangu Agosti. Siku ya Jamhuri anakuja kutoka Port Victoria na mama yake, ambaye anataka kunitazama kabla ya kutoa jibu. Nikikosa fulana, nimekosa mke. Maji kwa sasa yana rangi ya supu ya mboga. Vyura saba.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya kanisa, Khaemba ameketi kando ya bwawa akisoma maelezo ya ndoo ya klorini kwa sauti ya mhubiri. Pima maji. Sawazisha ukali wake kwanza. Klorini jioni, pampu izunguke hadi asubuhi. Nimemwambia akawasomee viazi. Mimi ni mtu wa Kombewa, nimezaliwa nikisikia ziwa! Nyanya yangu alisafisha maji ya ziwa maisha yake yote kwa shabu: unazungusha jiwe ndani ya pipa, matope yanashuka, unakunywa. Bwawa ni mapipa mia nne tu. Nimetia nusu gunia la shabu. Kisha nusu ya pili, maana bwawa halijazoea.

Jumatatu, 8 Desemba

Muujiza! Maji meupe kabisa! Tope lote limelala chini, nimelifyonza kwa bomba mpaka adhuhuri. Khaemba akachovya kikaratasi cha kupimia, kikageuka njano. Akadai maji ni makali kama ndimu. Kikaratasi! Kwetu maji hupimwa na samaki. Samaki akiishi, mtu ataishi. Nimenunua ngege watatu wazima kwa Akello pale stendi. Saa nane nimewatia majini. Saa nane na robo wamelala ubavu. Khaemba alipita akipiga mluzi wa wimbo wa mazishi.

Jumanne, 9 Desemba

Nimefikiri sana. Ukali hutulizwa na nini? Magadi! Hata mitoo, pamoja na uchungu wake wote, ikipata magadi inakuwa mboga ya heshima. Debe la magadi lilikuwa jikoni kwa Khaemba. Sasa liko bwawani. Mchana wageni wametafuna maharagwe yaliyokosa magadi mpaka taya zikauma, na Khaemba ananitafuta na mwiko. Haidhuru. Nimenunua ngege mwingine, mkubwa, mwenye uso wa mtu mzima. Anaogelea! Amezunguka bwawa lote, ukuta kwa ukuta, bila haraka. Nimempa jina: Inspekta.

Jumatano, 10 Desemba

Khaemba ameniuliza, mbele ya watu, kama klorini imeingia. Nimemwonyesha Inspekta: mzima, mnene, mwenye furaha. Ushahidi gani tena? Akajibu kwamba furaha ya samaki ndiyo dalili kuwa klorini haimo hata chembe, na watoto wa wageni watatoka humo na upele. Wivu mtupu. Hata hivyo, kwa ajili ya amani, jioni nimefungua ndoo. Inspekta akapanda juu, akanitazama. Nikafunga ndoo. Siwezi. Kwanza nimtoe.

Alhamisi, 11 Desemba

Kumtoa Inspekta. Jaribio la kwanza: wavu wa kuokotea majani. Akapita chini yake. La pili: chandarua cha chumba namba nne. Kimenasa vyura wawili na kiatu changu. La tatu: ugali kwenye kamba. Amekula ugali, ameacha kamba. Mama Debra akauliza kama klorini tayari. Nikasema tayari, Mama, tangu jana. Nitamtoa kesho alfajiri. Nimeijaribu fulana mbele ya kioo. Inabana kwapani, lakini cheo ni cheo.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri

Alfajiri hakutoka.

Saa nne Mama Debra akatupa kifuniko cha soda. Kikazama, kikaonekana, chekundu, mpaka maandishi! Makofi. Maximilla akanitazama kama nilivyoota atanitazama. Ndipo Inspekta akatoka pembeni, akakichukua kifuniko mdomoni, akaondoka nacho.

Khaemba akachovya kikaratasi cha klorini. Kikabaki cheupe vilevile.

"Yawa, Mathews!" Mama Debra akasema. "Uliniambia uliweka klorini. Kumbe umeniwekea samaki?"

Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea. Wakarudishwa vyumbani wakilia. Mama yake Maximilla, ambaye ameuza samaki Port Victoria miaka thelathini, akauliza nimejaribu kumshika huyo kwa muda gani. Siku mbili, Mama, nikasema. Akafunga leso kiunoni, akaingia majini, akamsogeza Inspekta kwenye kona, akambeba kwa mikono miwili. Dakika tatu hazikuisha.

"Kijana, samaki moja, iko ndani ya ukuta, haina pa kwenda, imekushinda. Sasa huyu msichana wangu utamlisha nini?"

Khaemba akamkaanga Inspekta. Mama yake Maximilla akasifu mkono wake, akauliza kama ameoa. Nililia, sitaficha. Nikapewa mkia. Nikaula.

Jumamosi, 13 Desemba

Khaemba alitia klorini jana jioni kama ndoo ilivyosema, na leo watoto wanaruka majini toka asubuhi. Maximilla hashiki simu. Nimerudi kwenye karai langu. Nguo ya kwanza kuletwa ni fulana ya MENEJA WA BWAWA, sasa ya Khaemba, ina doa la mafuta ya Inspekta kifuani. Sawa. Nitaifua mpaka Mama Debra ajue amempoteza mtu wa aina gani. Maji ya bomba leo yana udongo, kwa hiyo nimetia shabu, kipande cha kadiri, kama ngumi mbili. Na kwa usalama wa kitambaa nimemwagiza Akello ngege mmoja mdogo, anayeenea kwenye karai.